Kiti cha Saa Sita na Nusu

Jumapili, 15 Juni

Kwa jina Lake Aliyeliwasha jua na akatandaza kivuli, ninalifungua daftari hili. Daktari wa moyo ameniamuru niandike kila siku idadi ya bilauri za maji ninazokunywa, kwa kuwa wazee wa umri wangu, alivyosema, husahau kiu kabla ya kusahau majina. Nina miaka sabini na sita na majina sijayasahau. Lakini binti yangu Tufaha amekwisha kulinunua daftari na kuniwekea kalamu juu yake, na mimi sikuzoea kuandika mstari mmoja nikauacha ukurasa mweupe.

Leo imeanza miezi mitatu ambayo serikali inakataza kazi za juani tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa. Nimeishi Dubai miaka arubaini na minane nikisomesha watoto msahafu, na kila mwaka siku hii hunikuta kama mgeni. Mwili uliozaliwa Unguja haulizoei jua hili, unalivumilia tu.

Maji: bilauri tano.

Jumanne, 17 Juni

Nyuzi arubaini na nne. Miwani ilifunga ukungu nilipotoka mlangoni, nikaingia msikitini kwa kupapasa. Maji: sita.

Jumapili, 22 Juni

Tangi la maji liko juu ya paa, na tangu juzi bomba la baridi linatoa maji ya kuunguza. Tumeizima hita, kama desturi ya kila kiangazi, na sasa maji ya bomba la moto, yaliyopumzika kivulini ndani ya nyumba, ndiyo ya kutawadhia. Wageni wa mji huu huungua mkono kwanza, kisha ndipo wakaelewa.

Dada yangu Rukiya ameniletea ujumbe wa sauti kutoka Unguja, analalamikia kipupwe na shuka mbili alizojifunika. Nimemjibu amshukuru Mola wake na anyamaze.

Maji: sita.

Alhamisi, 26 Juni

Jengo letu hapa Al Mankhool limeletewa mlinzi mpya, Mkenya, jina lake Fanuel. Kazi yake ni kulifungua na kulifunga lango la magari upande wa nyuma, na kituo chake ni kibanda cha bati na kioo kisichozidi ukubwa wa kabati la nguo. Kiyoyozi cha kibanda hicho kimekufa tangu Mei. Luay, msimamizi wa jengo, mtu wa makamo kutoka Sham, anasema kipuri kimeagizwa, na kila anayemuuliza humwambia bukra inshallah, yaani kesho Mungu akipenda. Walinzi amewakataza kuketi katika ukumbi wa chini wenye ubaridi, kwani ukumbi, asema, ni wa wapangaji.

Mlinzi huyu hakunipendeza. Vifungo viwili vya shati viko wazi, na anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Nilipomsalimu alinijibu, "Poa, Mzee." Nimefundisha adabu za salamu kwa muda mrefu kuliko umri wake.

Maji: tano.

Jumatatu, 30 Juni

Nyuzi arubaini na sita. Maji: sita.

Alhamisi, 3 Julai

Nimerudi kutoka dukani baada ya Adhuhuri na mfuko wa tende mbivu, za kwanza za mwaka huu. Nilipitia lango la nyuma kwa sababu ya kivuli cha ukuta. Yule mlinzi alikuwa amesimama nje ya kibanda, mkono mmoja ukutani, macho mekundu, anayumba. Nilidhani ananitania. Akanitazama, akacheka, akaanza kusema nami kwa lugha ya kwao. Kisha akageukia Kiswahili, na ulimi wake ulikuwa mzito kama uliofungwa.

"Baba," akasema, "ng'ombe wameingia? Mvua inakuja, baba."

Nikamwambia, "Mimi si baba yako, na hakuna mvua hapa."

Akanishika kanzu. Mfuko ukaanguka, tende zikatawanyika kwenye lami, na yeye akazikanyaga. Nilimwondoa mkono kwa nguvu. Nikaingia ukumbini, ambamo Luay alikuwa akizungumza na wapangaji wawili, nikasema kwa Kiarabu na kwa sauti ya kusikika na wote: "Mlinzi wako amelewa. Mchana kweupe, mlangoni petu."

Luay akauliza, "Una hakika, ya Hajji?"

Nikasema, "Nimemwona kwa macho yangu."

Akashukuru kwa kumfahamisha. Amesema barua ya onyo itaandikwa leo leo.

Tende nilizinunua kwa ajili ya Tufaha. Nimekasirika mpaka Isha.

Maji: tatu. Nimesahau.

Ijumaa, 4 Julai

Mlinzi hayupo kibandani, yupo mwengine. Nilihisi utulivu wa mtu aliyetekeleza wajibu. Maji: saba.

Jumatatu, 7 Julai

Fanuel amerudi, amekonda uso. Nimepita bila ya kumtazama. Nyuzi arubaini na saba. Maji: sita.

Jumanne, 8 Julai

Leo niandike kwa urefu, na nisijionee huruma.

Saa nane mchana ulibishwa mlango. Tufaha akafungua, na akaingia mwanamke wa Kikenya katika sare ya wasafishaji wa vyumba, wa hoteli iliyo mtaa wa pili. Jasho lilikuwa likimchuruzika. Hakukubali kuketi wala maji.

"Ni wewe ule mzee alisema Fanuel amelewa?"

Tufaha akaanza, "Dada yangu, huyu ni baba yangu, sema naye—"

"Nasema naye poa kabisa, Madam. Naitwa Fridah. Natoka kwao na Fanuel, Nyamira, kwenye chai, na tunasali naye kanisa moja. Sasa, Mzee, nikuulize. Ulinusa pombe?"

Nikaivua miwani nikaifuta.

"Ulinusa, ama hukunusa?"

"Sikunusa," nikasema.

"Uliona chupa?"

"La."

"Sisi ni Wasabato, Mzee. Unajua Msabato? Pombe hatugusi. Nguruwe hatuli. Fanuel hata majani ya chai, na amezaliwa ndani ya shamba la chai, hayaonji! Mtu kama huyo ndiye unaita mlevi?" Akafungua mkoba akatoa karatasi ya kliniki, akaiweka juu ya meza, mbele ya msahafu wangu. "Ilikuwa ni joto. Alitapika mpaka alfajiri, ndio tukambeba kliniki. Daktari alisema saa moja zaidi kwa hiyo oveni angekufa. Kwetu sasa hivi ni baridi, watu wanaota moto jikoni. Huyu mtu jua kama hili hajawahi kuliona, na wewe ulipita na tende zako."

Nikauliza karatasi hii kwa nini haijapelekwa kwa msimamizi.

"Ilipelekwa! Akasema ni ya tarehe nne, na kosa ni la tarehe tatu. Akasema shahidi ni mtu wa dini, hawezi kudanganya." Hapo ndipo sauti yake iliposhuka. "Kampuni ya walinzi inapanga majina ya wanaobaki mwisho wa Agosti. Mwenye barua ya ulevi harudishwi kazini, anarudishwa Kenya. Ana msichana kidato cha tatu. Hiyo tu ndiyo nilitaka ujue."

Akaondoka. Tufaha aliitazama sakafu, asitake kunitazama mimi.

Nimewafundisha watoto wa watu, kizazi baada ya kizazi, kwamba asishuhudie mtu ila kwa jambo lililo wazi mbele yake kama jua. Mimi nimeshuhudia nisilolijua, na aliyefanya kosa ni jua lenyewe. Nilimwona mtu anakufa nikaona dhambi, kwa kuwa alivaa shati vibaya na akanijibu "Poa". Kama angekuwa mmoja wa vijana wa msikitini anayumba vile, ningemwita mgonjwa kabla hajafungua mdomo.

Haki ya Mola naweza kumwomba Mola. Haki ya Fanuel iko mikononi mwa Fanuel.

Maji: sikuhesabu.

Jumatano, 9 Julai

Baada ya Alasiri nilisimama katika ukumbi wa chini, pale pale, nikangoja mpaka wale wapangaji wawili na Luay wakawapo. Nikasema: "Nilimtuhumu mlinzi ulevi. Sikunusa wala sikuona kinywaji. Nilisema uongo bila kujua kuwa ni uongo, na hilo halinitoi katika kosa. Alikuwa mgonjwa wa joto." Uso uliniwaka kuliko jua la nje.

Wapangaji wakaguna kwa heshima, wakaingia katika lifti. Luay akanichukua ofisini.

"Ya Hajji, moyo wako ni mweupe. Unamhurumia. Lakini barua imekwenda kampuni na imepigwa muhuri. Nikiirudisha wataniuliza, wewe Luay unaandika vitu gani? Khalas, yamekwisha."

"Basi mhamishie ukumbini mchana. Amri ya serikali iko wazi."

"Amri ni ya kazi za juani. Kibanda kina paa."

"Una paa la bati juu ya kichwa chako hapa?"

Akacheka kwa adabu, akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kibandani. Nimemwambia Fanuel yote bila ya kupamba, nikamwomba anisamehe.

Alinisikiliza huku akijifuta shingo. Kisha akasema taratibu, "Mzee, nimekusikia. Lakini nikisema nimekusamehe leo, utaenda ulale vizuri. Na mimi barua bado iko. Wacha kwanza."

Ana haki.

Maji: saba.

Jumamosi, 12 Julai

Leo Fanuel yuko mapumzikoni, siku yake ya ibada. Nimekaa nikifikiri. Kwa barua sina mkono wa kuifikia. Kwa ukumbi sina ufunguo. Nina nini? Nina mwili wa mpangaji wa miaka ishirini na miwili katika jengo hili, ambao hakuna awezaye kuuondoa mahali unapoketi.

Jumapili, 13 Julai

Saa sita na nusu kamili nilishuka na kiti changu cha plastiki, mwavuli, chupa mbili za maji na tasbihi. Nikakiweka kiti mlangoni mwa kibanda, nusu ndani nusu nje, nikaketi.

Fanuel akatoka mbio. "Mzee, unafanya nini hapa?"

"Nimeketi."

"Hapa si mahali pa kuketi! Hapa ni jehanamu ndogo!"

"Neno hilo usilitumie kwa mzaha. Lakini joto nimelisikia."

"Enda ndani, Mzee. Tafadhali. Ukikufa hapa mimi ndiye nitaandikiwa barua ya pili."

Nilicheka, na ni mara ya kwanza kucheka tangu tarehe tatu. Nikamwambia kwamba maadamu yeye yuko humu nami niko humu, mpaka saa tisa, kila siku anayofanya kazi, mpaka kiyoyozi kipone au yeye aruhusiwe ukumbini. Adhuhuri nimeichelewesha mpaka kulipopoa kidogo, na hiyo ni ruhusa tuliyopewa kwa ajili ya joto kama hili. Sikupewa ruhusa ya kumwacha mtu.

Bati linatoa mlio likipanuka. Kioo kinauma ukikigusa. Saa mbili na nusu zimepita kama Ramadhani mbili.

Maji: kumi na moja.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeketi. Maji: kumi.

Jumanne, 15 Julai

Nimeketi. Tufaha amelia. Maji: kumi.

Alhamisi, 17 Julai

Luay amekuja na tai yake. "Ya Hajji, wapangaji wananiuliza. Wanasema jengo gani linaweka mzee nje kwenye joto hili."

"Waambie jengo halijaniweka. Liliyemweka ni yule pale."

"Nitampigia simu binti yako."

"Leo zamu yake kazini ni mpaka saa kumi. Kisha yuko nyumbani, ghorofa ya nne. Namba unayo."

Alisimama dakika mbili tu juani, na shati lake la buluu likawa limegeuka rangi. Nilimwona akikitazama kiyoyozi kilichokufa, kisha akaondoka bila ya kuaga.

Fanuel akasema, "Mzee, wewe ni mkaidi."

Nikamjibu kuwa ukaidi ni wa ng'ombe wa kwao.

"Ng'ombe wetu wanasikia," akasema. "Wewe husikii."

Ijumaa, 18 Julai

Nimeketi baada ya sala ya Ijumaa. Maji: tisa.

Jumanne, 22 Julai

Tufaha amesema nami baada ya chakula, kwa sauti ya marehemu mama yake. "Baba, una moyo unaotumia vidonge vitatu. Kuitengeneza haki ya mtu kwa kujiua si toba."

Nikamwambia, "Sijiui. Ninakunywa maji, ninavaa kitambaa kibichi kichwani, na nikihisi kizunguzungu nitaondoka."

"Mtu wa joto hahisi. Fanuel alihisi?"

Hilo nimelikubali kimoyomoyo, lakini sikumwambia. Ameongeza mfuko wa barafu na chumvi ya kuchanganya na maji, na amemwekea Fanuel chupa yake. Chupa hizo mbili ameziandika majina kwa mkono wake.

Maji: kumi na mbili.

Jumapili, 27 Julai

Ninamsikiliza Fanuel. Ananieleza jinsi ya kuchuma chai: majani mawili na chipukizi, kwa vidole viwili, kabla umande haujakauka, na ukungu mzito hata humwoni mwenzako ila kikapu chake. Nami nimemweleza visima vya Unguja. Mtu anayezungumza juu ya ukungu katika nyuzi arubaini na nane si mvivu wala si mjinga. Anajitibu.

Nyimbo zake nimezizoea. Moja ina sauti nzuri, na nikamwambia hivyo, akashangaa. Vifungo vya shati vingali wazi viwili. Leo na mimi nimefungua kimoja cha kanzu.

Jumatatu, 4 Agosti

Mvuke umekuja na pepo za baharini. Sasa joto halichomi, linakaba. Hewa ina uzito wa nguo mbichi. Luay amesema kipuri kimefika bandarini. Nilimuuliza ni bandari gani ambayo mzigo hukaa miezi mitatu, akatazama simu yake.

Maji: kumi na mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeketi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeketi. Fanuel hakuimba.

Jumatano, 13 Agosti

Ninaandika haya nikiwa kitandani, na sehemu kubwa nimeipata kwa kusimuliwa.

Jumatatu, tarehe kumi na moja, nilishuka kama kawaida. Nakumbuka mvuke juu ya kioo. Nakumbuka niliacha kutoka jasho, na nikaona kuwa ni rehema. Kisha nakumbuka Unguja, katika chuo changu cha kwanza, na watoto wamekaa juu ya mkeka.

Kumbe Luay alikuwa amekuja kunisihi tena. Nilimtazama, kama anavyosimulia Fanuel, nikamwambia kwa ukali: "Wewe umechelewa. Ubao wako uko wapi?"

"Ya Hajji?"

"Ubao! Soma. Alif kwa fatha. Soma, au nitaileta bakora."

Nikasimama, nikayumba, nikamshika tai. Nikacheka. Maneno, asema Fanuel, yalitoka mazito kama yaliyofungwa.

Luay alisimama amekauka. Fanuel ndiye aliyejua, kwa kuwa alikwisha kupita njia hiyo. Hakuuliza ruhusa. Alinibeba mgongoni, akaliacha lango limefungwa na magari mawili yakipiga honi, akanipeleka katika ukumbi wa chini, pale walinzi wasipotakiwa, akanilaza juu ya marumaru. Akanifungua kanzu, akaimwaga chupa yake na yangu kwapani na shingoni, akamwagiza Luay, msimamizi wake, kama anavyoagizwa mtoto: "Leta barafu! Yalla! Simama hapo umpepee!"

Na Luay akapepea, kwa faili lililokuwa mkononi mwake.

Gari la wagonjwa lilikuja. Nimelala hospitali siku moja. Tufaha hajanilaumu, na hilo ni zito kuliko lawama. Nimemwambia: "Ulisema kweli, mtu wa joto hahisi." Akasema, "Kunywa maji, Baba."

Alhamisi, 14 Agosti

Fridah amekuja na ndizi. Amesimama mlangoni, akanitazama kwa muda, akasema, "Mzee, wewe umepoteza akili kabisa," kisha akaketi, na maji akakubali. Kutoka kwake nimepata habari: mpangaji mwenye gari moja kati ya yale ameshitaki lango kufungwa. Mlinzi aliacha kituo, mlinzi aliingia ukumbini. Kwa kanuni za kampuni hiyo ni barua ya pili, na barua mbili hazingoji mwisho wa Agosti.

Ijumaa, 15 Agosti

Daktari amenikataza kutoka. Nimetoka. Sikwenda juani, nimekwenda ofisini kwa Luay kwa lifti, baada ya sala, Tufaha akinishika mkono. Hakutaka niende, na hakukubali niende peke yangu.

Fanuel alikuwa amesimama mbele ya meza. Karatasi ilikuwa juu ya meza, nusu imeandikwa.

Nikasema, "Usimalize hiyo. Andika yangu kwanza."

"Yako ipi, ya Hajji? Keti, tafadhali."

Nikaketi. "Siku ya Jumatatu mpangaji Khelef, mimi hapa, wa ghorofa ya nne, alionekana kibandani mchana kweupe. Macho mekundu. Anayumba. Ulimi mzito. Alimshika mtu nguo na akacheka. Alimwita msimamizi mtoto wa chuoni. Shahidi ni wewe, na uliniona kwa macho yako. Andika: alikuwa amelewa."

"Astaghfirullah!"

"Kwa nini? Dalili ni zile zile, kibanda ni kile kile, saa ni ile ile. Mimi nilizitazama dalili hizo tarehe tatu Julai nikasema ulevi, na wewe ukazipigia muhuri. Ikiwa zile ni ulevi, na hizi ni ulevi, basi iandike, niipeleke msikitini mwenyewe niwasomee. Na ikiwa hizi ni joto, zile ni nini?"

Luay alishika kalamu, akaiacha. Chumba kilikuwa na ubaridi wa kutosha kumfanya mtu atetemeke. Akamtazama Fanuel, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Ulijuaje la kufanya?" akamuuliza.

"Nilifanyiwa, Sir," akasema Fanuel. "Na Fridah. Kwenye sakafu ya bafu."

Luay akaizungusha kalamu juu ya meza. Ana baba yake mzee huko kwao, aliwahi kuniambia, ambaye hajamwona miaka tisa. Sikulitaja hilo. Kuna mambo ambayo mtu akiyataja anayaharibu.

Akaichana karatasi ya juu ya meza. Akachukua nyengine yenye anwani ya kampuni, akaandika kwa Kiarabu, akinisomea kila sentensi: kwamba yeye Luay, msimamizi, ameshuhudia mwenyewe kazi ya joto katika kibanda kile, kwamba barua ya tarehe tatu Julai ilijengwa juu ya ushahidi ambao shahidi mwenyewe ameukana mbele ya watu, kwamba anaiondoa kwa jina lake, na kwamba mlinzi aliacha kituo ili kuokoa roho. Akapiga muhuri.

"Wakinifukuza," akasema, "nitakuja kukaa kwenye kiti chako."

"Mwavuli nitakuachia," nikamjibu.

Maji: kumi.

Jumatano, 20 Agosti

Kipuri kimetoka bandarini. Kiyoyozi cha kibanda kinanguruma kama trekta. Fundi alimaliza kazi kwa dakika arubaini. Miezi mitatu, na dakika arubaini.

Jumamosi, 23 Agosti

Kampuni imejibu. Fridah amemletea Tufaha habari kwa simu, akipiga kelele hata mimi nimesikia kutoka chumbani: barua imefutwa, na jina la Fanuel limo katika orodha ya wanaobaki.

Jumanne, 26 Agosti

Nilitoka alfajiri kabla ya adhana nikapanda juu ya paa, karibu na tangi. Upande wa kusini, chini sana, nimeiona Suheli, nyota ambayo watu wa pwani hii huisubiri kama hati ya kuachiliwa. Haipunguzi joto siku ile ile, lakini ikionekana, kiangazi kimekwisha kujua kuwa kitaondoka.

Asubuhi nimekwenda kibandani kuchukua kiti changu. Fanuel amekaa ndani, shati limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya ubaridi. Nikakipangusa kiti vumbi. Msamaha niliuomba mara moja mwezi Julai, na anayeuomba hakumbushi.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mzee, ile kitu uliniuliza."

"Naam."

"Nimekusamehe. Kitambo. Siku ile ulisema mimi ndiye ng'ombe." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Si siku ya ng'ombe. Ni siku ile ulileta kiti, unajua mwenyewe."

Nilimshukuru Mola moyoni, na yeye nikamshukuru kwa mdomo. Hakuna kati ya shukrani hizo mbili iliyopunguza nyenzake.

Nilipokiinua kiti, akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. Mbele ya jengo jipya amesimama mlinzi, kijivu kwa vumbi. Hana kibanda. Ana kofia tu.

"Ule anaitwa Dancan," akasema Fanuel. "Ni wa Nyahururu. Kwao kunakuwa na barafu kwenye nyasi asubuhi."

Amri ya mchana ina siku ishirini zilizobaki. Nilimtazama Dancan, nikaitazama barabara na upana wake, kisha nikalitazama dirisha la ghorofa ya nne, ambako Tufaha alikuwa amesimama na mikono kiunoni, akitikisa kichwa. Baadaye nikamwona ameingia ndani, na aliposhuka alikuwa na chupa tatu. Ya tatu alikuwa hajaiandika jina.

"Dancan," nikamwambia. Akaliandika hapo hapo, juu ya goti.

Saa sita na nusu, kwa uwezo Wake Aliyeliwasha jua, tumekivusha kiti barabara.

Maji: bilauri kumi, na siku haijaisha.